Video Yangu ya Norfolk Niliifuta, na Sababu Ni Veranda

Wiki tatu zilizopita nilifuta video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Wengine wenu mliniuliza kama akaunti imedukuliwa. Hapana. Niliifuta mwenyewe, nikiwa nimekaa jikoni kwa Kukhu kule Matete, moshi wa kuni ukiniingia macho, na Kukhu hata hakuwa ameniambia niifute.

Ni ile ya hoteli ya Norfolk, Nairobi. Dakika moja na nusu. Vigae vyekundu, zile mbao nyeusi kwenye ukuta mweupe, bustani ya ndani na mikokoteni ya kizamani, muziki wa polepole kwa chini, halafu sauti yangu: hoteli iliyofunguliwa siku ya Krismasi 1904, kabla babu yako hajazaliwa. Nikamtaja Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwinda huku 1909 akiwa ametoka tu kwa urais wa Marekani, maana jina lake halikosi kwa stori za hii hoteli. Nikataja malodi wa Uingereza waliojaa hapo mpaka watu wakaibandika jina la utani, Nyumba ya Malodi. Enyewe ilikuwa video safi. Mwanga ulikuwa poa, sauti yangu haikutetemeka, na hakuna uongo niliosema.

Binamu yangu akamwonyesha Kukhu kwa simu. Kukhu ana miaka 80 na kitu. Aliitazama mara mbili, simu ameishika mbali na uso kama mtu anayesoma mizani posho mill. Kisha akaniuliza, "Na barabara mbona hukuionyesha? Kuka yako alikuwa anapita kwa hiyo barabara."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimepiga hiyo video nikiwa nimesimama kwenye veranda, kamera ikiangalia ndani. Barabara ilikuwa nyuma ya mgongo wangu muda wote.

Kwa wale hawajui, Norfolk iko Harry Thuku Road, na ng'ambo ya barabara ni chuo kikuu cha Nairobi. National Theatre iko hapo hapo, KBC iko hapo hapo, na ukitembea dakika chache uko kituo cha polisi cha Central. Mimi nimesoma chuo hicho. Miaka minne nimepita mbele ya hiyo hoteli na kitabu kwapani, mara nyingi na njaa tumboni, na sijawahi kuingia hata siku moja. Hakuna aliyenizuia. Ni vile tu komredi hapiti pale na wazo la kuingia. Unapita. Ukiwa na bahati, upepo unakuletea harufu ya nyama inachomwa, unasema "siku moja", unaenda kutafuta chapo na madondo. Nilipoingia mara ya kwanza nilikuwa na kamera, na kamera inakupa ujasiri ambao mfuko hauna.

Sasa Kuka. Babu yangu alienda Nairobi 1954 kutoka huku kwetu, kijana wa miaka 20 na kitu, akapata kazi ya upishi kwa Mzungu mmoja wa benki, Westlands. Kwa familia yetu hiyo stori imesimuliwa kila Krismasi kama stori ya bahati: alifika Jumatatu, kufikia Ijumaa ana kazi. Niliisikia nikiwa mdogo nikaipenda. Nilipofika chuo ndio nikasoma kuhusu Operesheni Anvil. Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliuzingira mji wa Nairobi, ikakusanya makumi ya maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru, ikawapakia malori, wengine kambi za kizuizini, wengine wakarudishwa kwao kwa nguvu. Mji ukabaki na jikoni bila wapishi, ofisi bila matarishi, nyumba bila wenyewe. Nafasi zikajazwa na Waluhya, Wajaluo na Wakamba. Kumbe ile bahati ya Kuka ilikuwa na mtu mwingine kwa upande wa pili, mtu aliyebebwa kwa lori. Sijui Kuka alijua kiasi gani. Alifariki kabla sijajua la kumuuliza.

Kukhu anasema kila asubuhi Kuka alichukua baisikeli ya mwajiri wake, akatelemka kutoka Westlands kwenda City Market kununua nyama na mboga, na njia yake ilimpitisha mbele ya Norfolk. Alimwambia Kukhu kitu ambacho ye humaliza nacho kila akisimulia: "Ile barabara ukipita, unaangalia mbele." Kwa nini? Kwa sababu pale juu kwenye veranda kulikuwa na watu wamekaa na vikombe vyao, wanaangalia barabara. Na ukiangaliwa na watu wa aina ile, miaka ile, wewe mwenyewe huangalii juu.

Hapo ndipo nilianza kuichukia video yangu. Nilikuwa nimeisifu veranda kama pahali pazuri pa kupigia picha.

Turudi kwa jengo lenyewe, kwa sababu sitaki mseme nimeacha usanifu nikaenda siasa. Reli ilifika Nairobi 1899. Miaka mitano baadaye mji bado ni mahema, mabati na matope, na wakati wa mvua mikokoteni inakwama katikati ya barabara. Kwa hayo matope, Meja Ringer na mwenzake Winearls wanasimamisha hoteli ya mawe, ina paa la vigae. Fikiria vile ilionekana. Mabati ndiyo yalikuwa mjini, na mabati yana tabia moja: yanasema niko hapa kwa muda, naweza kung'olewa kesho. Kigae kinasema siendi popote. Mlowezi aliyeshuka treni akiwa na wasiwasi kama hii nchi itamkubali, akiona kile kigae anatulia.

Halafu kuna zile mbao nyeusi. Watu wengi wanaziona kama urembo tu, na kwa kweli pale Nairobi ni urembo. Lakini Uingereza ya karne ya 16, nyumba za namna hiyo zilibebwa na zile mbao. Mbao ndiyo mifupa, na ukuta mweupe ni nyama ya kujazia katikati. Ukiziondoa, nyumba inaanguka. Kwa Norfolk tunayoijua, mawe ndiyo yanabeba, na mbao zimevaliwa kama tai. Ni nyumba ya Nairobi inayoikumbuka nyumba ya mahali pengine. Hata jina ni hivyo hivyo, Norfolk ni jimbo la Uingereza. Siicheki. Waluhya waliohamia Nairobi nao waliunda Kaloleni na Makongeni zao za kukumbuka nyumbani, na ukienda Muthurwa Jumapili utasikia lugha yote ya kwetu. Kila anayehama hubeba nyumba kichwani. Tofauti ni nani anapewa kiwanja na mawe ya kuijengea.

Lakini ukiniuliza mimi, kitu kikuu kwa ile hoteli ni veranda. Waingereza waliitoa India, wakaitawanya kote walikotawala, na ina kazi mbili. Ya kwanza ni kivuli, na kwa hiyo sina ugomvi. Ya pili ni kuangalia. Ukikaa kwenye veranda uko nje bila kuwa nje. Umeinuka kidogo kutoka ardhini, una paa, una kiti, na kila anayepita barabarani anapita mbele yako. Anayepita hajui jina lako. Wewe una muda wote wa kumchunguza.

Tarehe 16 Machi 1922 waliopita hawakupita. Walisimama.

Siku mbili kabla, Harry Thuku alikuwa amekamatwa. Alikuwa kijana wa miaka 27, karani wa simu kwa hazina ya serikali, aliyeanzisha chama cha vijana 1921 na kutuma telegramu mpaka London kulalamika moja kwa moja, bila kupitia kwa machifu. Nyinyi mnaopenda kuandikia wakubwa mtandaoni, huyu ndiye mkubwa wenu. Alipinga kipande, kile cheti Mwafrika alilazimishwa kukivaa shingoni kikiwa kwa kibati. Alipinga kodi iliyopandishwa, na kazi ya kulazimishwa ambayo wanawake na wasichana waliburutwa kuifanya mashambani. Na alipinga walowezi kukubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Na msidhani ilikuwa hasira ya Wagikuyu peke yao: mwisho wa 1921 huku Magharibi tayari kulikuwa na vuguvugu la Piny Owacho, malalamiko karibu yale yale. Babake Kuka naye alivaa kile kibati.

Watu wakagoma, wakajaa nje ya kituo cha polisi alikofungiwa Thuku, kile tunachokiita Central leo. Wazee walitumwa kuongea na serikali, wakarudi na ahadi za maneno, wakawaambia watu waende nyumbani. Wanaume wakaanza kusitasita. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru, inavyosimuliwa, alijitokeza mbele, akainua nguo yake kuwaaibisha wanaume, akawaambia kama wanaogopa wampe suruali. Wanawake wakapiga vigelegele, watu wakasukuma kuelekea kwa bunduki. Polisi wakapiga risasi. Nyanjiru alikuwa kati ya wa kwanza kuanguka.

Na wanahistoria wengi wameandika kuwa risasi hazikutoka upande mmoja. Walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk, glasi zikiwa mezani, nao walipiga, na watu waliokuwa wakikimbia waliangukia huko. Serikali ilihesabu maiti 21. Wafuasi wa Thuku walitaja zaidi ya mara mbili ya hiyo. Thuku mwenyewe alipelekwa Kismayu bila kesi, akakaa kizuizini karibu miaka tisa.

Sasa kuna kitu kidogo kinachonikosesha usingizi. Baada ya uhuru, Delamere Avenue iligeuzwa Kenyatta Avenue, na sanamu ya Lord Delamere, kinara wa walowezi, ikaondolewa. Barabara ya Norfolk ikapewa jina la Harry Thuku. Lakini ile veranda kwa miaka mingi iliitwa Lord Delamere Terrace. Kwa hivyo mgeni angekuja, angeketi kwa Delamere, angeagiza kinywaji na kumwangalia Thuku akipita kule chini. Nchi ilibadilisha jina la barabara, veranda ikabaki na lake. Sidhani kuna mtu alikaa chini akapanga hivyo, na hiyo ndiyo inaniudhi zaidi. Nilipiga ile video yote na kibao cha barabara kilikuwa hatua chache kutoka kwangu.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Hoteli yenyewe imeonja damu yake pia. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1980, watu wakisubiri mwaka mpya, bomu lililipuka na kubomoa upande mmoja wa jengo, likaua watu karibu 20 na kujeruhi wengi. Wenye hoteli wakati huo walikuwa familia ya Block, Wayahudi waliokuwa na Norfolk tangu 1927, na wengi waliamini ilikuwa kisasi kwa sababu Kenya iliwasaidia Waisraeli na uvamizi wa Entebbe 1976. Waliokufa walikuwa wameenda tu kusherehekea. Upande uliobomoka ulijengwa tena, na leo ukipita huwezi kujua. Mei 2020, wakati wa korona, hoteli ilitangaza kufunga na kuwaachisha kazi wafanyakazi wote, baadaye ikafunguliwa tena. Wapishi wale nao, nilifikiri, wana watoto wanaosimulia Krismasi.

Nilikuwa pale Juni 2024. Sitasimulia yote, mnajua ilivyokuwa. Niseme tu siku moja tulitawanywa kwa gesi ya machozi University Way, nikakimbilia Harry Thuku Road na kitambaa usoni, nikasimama kupumua, nikainua macho na ile veranda ilikuwa hapo. Siku hiyo sikufikiri 1922. Nilifikiri maji. Mwaka uliofuata, Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akiandika mtandaoni, alikamatwa kwao Homa Bay juu ya alichoandika, akaletwa Nairobi, akafia kwenye seli za Central. Kituo kile kile. Alikuwa na umri wa miaka 31. Nami miezi michache baadaye naenda hapo karibu, naweka muziki wa polepole, nasema shuka uione historia.

Kukhu hakujua lolote kati ya haya alipouliza lile swali. Yeye aliuliza barabara tu.

Huku kwetu hatuna Norfolk. Tulipokuwa darasa la sita tulipelekwa Webuye kuona Chetambe, ambako Wabukusu na Watachoni waliuawa na kikosi cha Waingereza 1895. Tulienda na soda na mkate, tukapanda kilima, mwalimu akatuonyesha mtaro na nyasi. Mmoja wetu akauliza, "Jengo liko wapi?" Mwalimu akasema hakuna jengo, ni hapa. Tulirudi tumeboeka. Nadhani hapo ndipo nilijifunza vibaya kwamba historia ni pahali pana vigae.

Lakini kuna veranda Matete. Kuka alipostaafu alirudi na akiba yake, akajenga nyumba ya udongo na mabati, kama za majirani, ila mbele aliweka veranda. Sakafu nyekundu ya simiti, inapigwa polishi kila Jumamosi, nguzo tatu za mti, benchi moja refu. Majirani walimcheka, ati mzee anapoteza mabati kufunika hewa. Inaangalia njia ya kwenda sokoni. Na Kukhu anasema alikuwa na sheria moja, ambayo nimeiona ikifuatwa maisha yangu yote bila kujua ilitoka wapi: mtu akipita barabarani, wewe uliyekaa ndiye unasalimia kwanza. Hata kama ni mtoto. Hata kama ni mlevi. Tulipokuwa wadogo tukikaa kimya mtu akapita, tulitandikwa.

Wiki jana nilirudi Norfolk. Bila kamera. Walinzi walinikagua kwa heshima, nikaketi kwenye veranda, nikaagiza chai pekee, na hiyo bei nilijua ni nauli ya mtu kufika mbali. Nikageuza kiti kuelekea barabarani. Ilikuwa saa kumi jioni, makomredi wanatoka masomo. Wanapita wawili wawili, mabegi mgongoni, wanabishana. Hakuna aliyeinua macho. Msichana mmoja alipita peke yake karibu kabisa, nikamwambia, "Sasa." Alishtuka, akaangalia nyuma yake kama kuna mtu mwingine naongelesha, halafu akasema "Poa" na akaongeza mwendo.

Nilimpigia Kukhu nikiwa bado hapo. Nikamwambia niko kwenye veranda ya ile hoteli, naiona barabara ya Kuka. Akanyamaza kidogo. Nilidhani laini imekatika. Kisha akauliza kama chai wanaweka maziwa.

Nikamwambia hapana, maziwa yanaletwa kando, kwa kajagi kadogo.

Akacheka mpaka akakohoa. "Kuka yako alikuwa anawapelekea hivyo hivyo," akasema. "Kando. Na alikuja nyumbani hataki kuiona. Akasema chai ipikwe na maziwa, ichemke mpaka imwagike."

Video mpya nitaweka Jumapili. Inaanza barabarani.